Dakika Sita za Mwalimu Macharia

Mwalimu Macharia hakuwahi kuingia katika mtihani wowote bila kujiandaa, na hakuona sababu ya kuanza uzembe huo akiwa na miaka sitini na miwili. Binti yake alipomwambia kwamba kliniki moja mjini Thika ingempima kwa kumtembeza dakika sita, na kwamba wamepewa nafasi baada ya wiki tatu, hakuuliza daktari ni nani wala kipimo kina maumivu gani. Aliuliza njia yenyewe ina urefu gani. Binti huyo, Jackie, akapiga simu, akaambiwa ni mita thelathini kati ya koni mbili, mtu anakwenda na kurudi mpaka muda uishe. Kesho yake, Jackie alipokwisha kwenda kazini, mwalimu alimwita Mwau, mzee mwenzake anayetunza ploti ya nyumba za kupanga walikoishi pale Kiuu, akamwomba amshikie ncha moja ya kamba ya kuanikia nguo. Wakaupima ushoroba wa chini, mlango kwa mlango, wakachora mstari wa chaki huku na huku. Ulikuwa na mita ishirini na nane. Mwalimu aliudhika, maana hakupenda hesabu za kukadiria, lakini akasema itabidi zitoshe.

Chaki alikuwa nayo. Amestaafu, lakini mfukoni mwa koti lake hapakosi kipande.

Alifundisha hesabu darasa la nane kwa miaka mingi, katika shule tatu za kuzunguka Thika, na katika miaka hiyo yote alikuwa na dawa moja kwa kila tatizo. Mtoto akilia kwamba hesabu za sehemu ni ngumu, jikaze. Akija bila kunywa chai, jikaze. Akifiwa, pole sana, halafu jikaze. Wanafunzi walimwita Mwalimu Jikaze alipogeukia ubao, naye alijua, na kusema kweli jina lilimpendeza. Nimtetee kidogo hapa, hakuwa mtu katili. Waliopita mtihani walirudi baadaye wakiwa watu wazima, wakamsalimia kwa mikono miwili na kumwambia kwamba neno lile ndilo lililowafikisha. Ukiambiwa hivyo mara kumi hata wewe utaamini.

Alichokuwa akikitafuta safari hii ni kurudi nyumbani kwake. Tangu Septemba 2020, alipotoka hospitali ambako corona ilimlaza wiki tatu na mipira ya oksijeni puani, hakuwa amelala nyumbani kwake hata usiku mmoja. Nyumba yake iko upande wa Mang'u, dakika ishirini hivi na gari kutoka Thika. Yenyewe imekaa juu, kando ya barabara, na shamba linateremka nyuma yake: kahawa kwanza, halafu majani ya ng'ombe, halafu migomba, mpaka kwenye kijito. Kule chini kwenye migomba alizikwa mama yake. Kule kule, Agosti ya mwaka ule, mke wake Ngendo alizikwa na watu waliovaa mavazi meupe kutoka kichwani hadi miguuni, waliomaliza kazi kwa robo saa na kupulizia dawa majembe yao. Macharia alikuwa kitandani hospitalini. Aliambiwa siku ya tisa, maana madaktari waliogopa kwamba akiambiwa mapema angemfuata.

Kwao, mtu akizikwa, wa nyumba yake hurusha udongo kaburini kwa mkono kabla ya majembe kuanza, na wa kwanza ni mume au mke. Macharia hakurusha konzi yake ya udongo kwa mkono wake; Jackie alimwambia kwenye simu kwamba amemrushia, lakini haikuwa sawa. Hilo lilimkaa rohoni kuliko kikohozi. Mwaka uliofuata alijaribu kwenda kuitimiza. Alishuka mpaka kwenye majani ya ng'ombe, nusu ya njia, pumzi ikakata, macho yakaona giza, na jirani yao Muriithi akamrudisha juu kwa kumbeba mgongoni huku watu wamesimama kwenye ua wakitazama. Baadhi yao aliwahi kuwachapa kwa kuchelewa shule. Tangu siku hiyo Jackie alisema basi, hakuna Mang'u tena.

Na Jackie akisema basi, ni basi. Jina lake la nyumbani ni Nyokabi, amerithi la mama mzazi wa Macharia kama ilivyo desturi kwa binti wa kwanza, kwa hiyo tangu azaliwe baba yake humwita Maitu, yaani mama. Ukishamwita mtoto mama kwa miaka thelathini na mitano, usishangae siku akianza kukuamuru. Alikuwa na duka la kushona sare za shule pale Ruiru, hana mume, na nyumba yake ya kupanga ilikuwa na vyumba viwili, kimoja akampa baba yake. Alimpenda. Pia alichoka naye, kama mtu yeyote anayeishi na mwalimu.

Picha za kifua zilitoka safi. Moyo ulikuwa sawa, damu ilikuwa sawa, na bado mzee hakuweza kuoga bila kuketi kwenye ndoo katikati ya kuoga. Daktari mmoja wa Ruiru ndiye aliyesema kwamba vipimo vyote hivyo alipimwa akiwa ametulia, na shida inakuja akijisukuma, basi apimwe akiwa anajisukuma. Ndipo ikatafutwa kliniki ya Thika, na ndipo Jackie akafanya kosa lake.

“Baba, tufanye hivi,” alisema. “Ukipita hiyo test, nakurudisha Mang'u na sitasema kitu. Ukianguka, tunafunga ile nyumba, unakaa na mimi. Tumeelewana?”

Mwalimu akasema wameelewana. Kipimo chenyewe hakikuwa na kupita wala kuanguka, lakini ukishamtajia mwalimu wa hesabu maneno hayo mawili, usitarajie alale.

Basi akaanza mazoezi. Kila alipopata nguvu alitoka saa tatu asubuhi, Mwau akaketi juu ya mtungi wa plastiki wa maji na simu mkononi kuhesabu dakika, na mwalimu akatembea kutoka chaki hadi chaki, akina mama wakisogeza beseni zao za kufulia. Mara ya kwanza alikwenda ushoroba mara nane. Wiki ya pili, mara kumi na moja. Siku chache kabla ya kipimo alifika kumi na tatu, akaegemea ukuta, midomo imebadilika rangi, akamwambia Mwau aandike. Alichokificha ni siku zilizofuata kila zoezi. Kesho yake miguu ilikuwa mizito hadi akashindwa kugeuka kitandani, kichwa kikajaa ukungu, akasahau hata jina la kijiko. Alilala siku nzima, pengine siku mbili. Jackie alipokaribia kurudi alijivuta, akanawa uso, akakaa dirishani na gazeti. Mwau alimuuliza kama kweli hiyo ni afya. Mwalimu alimjibu kwamba mwili unajifunza hivyo, kwa kuumizwa kidogo. Mwau ni mtu mpole, akaendelea kuhesabu dakika, na nadhani mpaka leo anajuta.

Walifika Thika siku ya Jumanne, saa nne kasoro. Aliyewapokea alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya tiba aitwaye Amrita, msichana wa Kihindi aliyezaliwa Thika, akasoma Thika, na hata Kiswahili chake kilikuwa cha Thika. Hakuambiwa kazi ya Macharia. Alimtazama alivyoikagua kalenda ya ukutani, akamwita mwalimu. Kisha akaketi kuuliza maswali na kuandika. Aliuliza ugonjwa ulianzaje, na kabla ya kwenda hospitali walifanya nini nyumbani.

Mwalimu alijibu kwa fahari kidogo kwamba wao hawakulala kama wagonjwa. Yeye na mke wake walijifukiza majani asubuhi na jioni, wakanywa tangawizi na ndimu, na kila siku aliwatoa nje wote wawili kutembea, kutoka mlangoni mpaka kijitoni na kupanda tena, mara tatu. Alisikia kwamba ugonjwa ule unampenda anayelala. Amrita aliyaandika hayo bila kuinua uso. Jackie, aliyekuwa pembeni, aligeuka akamwangalia baba yake. Habari ya kutembea hakuwa ameisikia.

Amrita akambana kidole kwa kile kifaa kinachosoma oksijeni na mapigo ya moyo. Akamweleza: utatembea mbali uwezavyo, hukimbii, ukitaka kusimama simama, ukitaka kukaa kiti kile pale, lakini saa haitasimama. Yeye hatatembea naye bega kwa bega, maana angemharakisha au kumchelewesha bila kujua. Mwisho atamuuliza amechoka kiasi gani, kutoka sifuri mpaka kumi. Na kipimo ni cha siku mbili, leo na kesho, saa ileile. Hilo la siku mbili halikumpendeza mwalimu. Mtihani ukishafanywa umefanywa.

Lakini alitembea. Hakuna asiyejua mtu aliyekuja kushinda akimwona. Kichwa juu, mikono inakata hewa, anageuka kwenye koni bila kupunguza mwendo, na kila dakika Amrita anamtajia kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka kwamba anaendelea vizuri na zimebaki ngapi. Mwisho wa dakika sita alikuwa amekwenda mita mia nne na tano. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Mapigo yalikuwa mia moja thelathini na moja, oksijeni asilimia tisini na moja. Amrita akamuuliza amechoka kiasi gani.

“Mbili,” mwalimu alisema. Ilimbidi aligawe neno hilo mara mbili kwa sababu ya pumzi.

Njia nzima ya kurudi alipiga hesabu kwa sauti. Kutoka mlango wa jikoni kule Mang'u mpaka kwenye migomba ni mita mia moja na arobaini, aliwahi kuzipima mwenyewe. Kwenda na kurudi mia mbili na themanini. Yeye anazo mia nne na tano. Jackie hakumkumbusha kwamba sakafu ya kliniki haina mwinuko, maana na yeye alikuwa anatabasamu. Walisimama Ruiru, Jackie akanunua kufuli mpya ya geti, akasema Jumamosi angetuma mtu akaanike magodoro. Jioni hiyo walikula wakicheka. Walipanga mpaka kuku wangapi waanze nao.

Jumatano mwalimu alifungua macho akajua. Miguu haikuwa yake. Alikaa ukingoni mwa kitanda akiishika kwa mikono na kuiweka chini mmoja mmoja. Alifunga vifungo vya shati upande upande, Jackie akavifungua na kuvifunga upya, mzee akasema ni usingizi tu.

Kule kliniki, mara ya kwanza kwenda alikwenda. Mara ya kurudi koni ilikuwa mbali kuliko jana. Amrita alisema anaendelea vizuri, zimebaki dakika tano. Mara ya nne alishika ukuta. Jackie, aliyeketi mwisho wa ushoroba na mkoba magotini, alimsikia akijiambia neno lake, kwanza kimya kimya, halafu kwa sauti, kama anamwambia mtoto mwingine: jikaze, jikaze, jikaze. Dakika ya tatu aliketi kwenye kiti. Saa iliendelea. Dakika ya tano aliinuka, akapiga hatua kumi, goti likamwacha, na Amrita akawa ameshamshika kwapani kabla hajafika chini. Wakaishia hapo. Mita mia moja na sabini. Oksijeni asilimia themanini na tano.

Walipomketisha, na pumzi ikarudi kidogo kidogo, Amrita alimuuliza swali lile lile, sifuri mpaka kumi.

Mwalimu akaangalia koni. “Tisa,” alisema. Halafu, bila kuulizwa, akasema, “Na jana ilikuwa saba.”

Amrita hakumkemea. Alitaka kujua tu wiki hizi tatu amekuwa akifanya nini. Jackie akajibu haraka kwamba hafanyi kitu, anasoma gazeti. Mwalimu akamnyamazisha kwa mkono, akasimulia kila kitu: kamba, chaki, Mwau na simu yake, siku za kulala na kunawa uso jioni.

Ndipo Amrita akawaeleza, polepole, akimwangalia mzee. Wapo watu ambao kirusi kile kikishaondoka kinaacha mwili ukiwa umebadilika. Wanaweza kujilazimisha siku moja na ukawaona wazima kabisa. Siku ya kwanza inaonyesha mtu anaweza kujilazimisha kiasi gani, na ya pili inaonyesha imemgharimu nini. Ndiyo maana kipimo ni cha siku mbili. Kila alipotembea ule ushoroba wa Kiuu alikuwa anajirudisha nyuma, na huenda angekuja bila mazoezi leo angekwenda mbali zaidi. Kuishi peke yake kwenye mteremko, hapana, si sasa. Pengine baadaye, na pengine isiwe.

“Mwalimu, hii si kitu ya kujikaza,” alisema. “Ukijua utachoka dakika ya tatu, kaa chini dakika ya pili. Unapumzika kabla hujachoka, si baada ya kuchoka. Ni ngumu, najua.”

Jackie alifikiri baba yake ataanza kubishana, maana alimwona anavuta pumzi ya kubishana. Lakini alichouliza kilikuwa kingine.

“Na mtu akiwa ndiyo ameshikwa nao,” alisema. “Homa iko juu, ugonjwa uko ndani. Anasema amechoka, anataka kulala. Halafu anaamshwa kila asubuhi, anaambiwa atembee. Huyo anakuwaje?”

Amrita aliweka kalamu chini. Faili ilikuwa wazi mbele yake, na maneno aliyoandika jana alikuwa anayaona. Nampa heshima kwamba hakukimbilia uongo.

“Huyo tungemwacha alale,” alisema. “Lakini mwalimu, siwezi kukuambia kama ingebadilisha kitu. Wengi walilala na wakaenda. Hakuna mtu anaweza kukuambia hiyo, hata daktari mkubwa.”

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akashukuru, akaomba koti lake.

Mwalimu alimsimulia Jackie habari yenyewe ndani ya gari, wakiwa bado wameegesha nje ya kliniki, mikono ya Jackie ikiwa kwenye usukani na gari halijawashwa. Siku tatu za kwanza Ngendo alitembea bila neno. Asubuhi ya nne hakutaka kuinuka. Alimshika mume wake mkono akasema, “Baba Nyokabi, leo niache nilale,” kwa sauti ndogo, mtu ambaye hakuwa na kawaida ya kuomba. Naye akamwinua. Akamwambia jikaze, leo tunakwenda mara mbili tu, nakupunguzia. Walishuka. Kule chini kwenye migomba Ngendo aliketi juu ya jiwe, akasema yeye atakuja nyuma. Macharia akasimama mbele yake akamhesabia mpaka sitini, kama alivyowahesabia watoto wa darasa la nane dakika ya mwisho ya karatasi. Alipofika sitini Ngendo aliinuka, akapanda. Kesho yake gari la hospitali likawachukua wote wawili, na siku ya pili Ngendo hakuwapo tena. Kwa miaka mitatu mwalimu amekuwa akilikumbuka lile jiwe kama ushahidi kwamba alipigana kwa ajili ya mke wake mpaka mwisho. Leo amelikumbuka vingine.

Jackie alilia kwa hasira, akipiga usukani kwa kiganja, mara moja, mara mbili. Hakumwambia amemsamehe, na nalisema wazi ili mtu asidhani. Hakumwambia pia kwamba si kosa lake. Aliwasha gari wakarudi Kiuu, na siku kumi zilizofuata mazungumzo yao yalikuwa ya chai na ya maji ya kuoga. Mwalimu alikaa kitandani alivyoagizwa. Mwau akaifuta chaki ya ushoroba kwa kitambaa kibichi.

Jumamosi ya pili Jackie aliamka mapema, akachukua kiti kimoja cha plastiki cha sebuleni, akakitia kwenye buti ya gari. Akamwambia baba yake avae viatu visivyoteleza.

Nyumba ya Mang'u ilikuwa na harufu ya kufungiwa. Mwalimu alipita chumba kwa chumba akigusa vitu, kalenda ya 2020, kanga ya Ngendo nyuma ya mlango wa jikoni, akatoka. Akautoa ufunguo kwenye mnyororo wake wenye filimbi ya zamani ya shule, akampa Jackie. “Funga, Maitu,” alisema. “Utakuwa unakuja wewe kuifungua ipate hewa.” Ile kufuli mpya, iliyonunuliwa kwa ajili ya kurudi kwake, ingelifunga geti wakishaondoka.

Muriithi alikuja mbio kutoka kwake, akasalimu, akageuka na kuinama kidogo, mgongo tayari. Jackie akamshukuru akamwambia hapana, wamekuja na kiti.

Wakaanza kushuka. Hatua ishirini, Jackie akaweka kiti kati ya mistari ya kahawa, baba yake akaketi. Hakuwa amechoka. Aliona haya kukaa na nguvu zake bado zipo, akataka kuinuka, Jackie akamwekea mkono begani mpaka dakika nne zikapita. Hatua ishirini nyingine, kiti. Mahali alipoanguka mwaka ule Jackie aliweka kiti kama kwingine. Njia ambayo zamani ilikuwa ya dakika mbili iliwachukua karibu saa nzima, na katika saa hiyo mwalimu alipata wasaa wa kuitazama njia yenyewe, ilivyo kali, ilivyo na mawe, na kuwaza mtu mwenye homa anaipandaje.

Kaburi lilikuwa na majani. Hatua nne kutoka hapo lilikuwepo lile jiwe, chini ya mgomba, limekauka juu mahali mtu anapokaa. Jackie ndipo akamwambia jambo ambalo naye hakuwahi kulitamka: siku ya mazishi wa familia waliwekwa mbali, juu kule kwenye majani ya ng'ombe, na hawakuruhusiwa kusogea. Alipomwambia baba yake kwenye simu kwamba amerusha udongo kwa niaba yake, alidanganya. Hakuna aliyerusha. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Hakuwa na haki ya kumlaumu mtu kwa lolote, na alijua.

Aliinama kwa kushikilia mguu wa kiti, akachimbua udongo kwa vidole, akaujaza mkononi. Alikuwa ameandaa maneno, kama alivyoandaa kila kitu maishani mwake, ya kumwomba radhi kwa mpangilio. Yote yakamtoka kichwani.

“Lala, Ngendo,” alisema. “Lala sasa. Sikuamshi tena.”

Akaurusha. Jackie naye akachukua wake akaurusha, wakasimama hapo, na mzee akalia bila kujificha, mabega yakitikisika, mkono wenye udongo umening'inia. Kilio nacho kinakula pumzi. Jackie alimwona anayumba.

“Umechoka, Baba?”

Maisha yake yote, ukimuuliza swali hilo, alikuwa na jibu moja tu. Alifungua mdomo akalitafuta, akaliacha.

“Ndiyo, Maitu,” alisema. “Nimechoka.”

“Basi kaa,” Jackie akamwambia, akamsogezea kiti. “Pumzika. Hatuna haraka.”

Mwalimu akamwangalia binti yake, halafu akaliangalia jiwe. Hayo tu ndiyo maneno ambayo Ngendo aliyangoja asubuhi ile, mpaka sitini ikaisha. Akaketi, akaweka mikono magotini, na Jackie akakaa kwenye jiwe la mama yake kungoja mpaka atakapoweza kupanda.